Kabla Debora Hajalala

Tarehe 29 Mei, mwaka 2094. Asubuhi sakitu ilikuwa imelala juu ya majani ya viazi, nyeupe kama chumvi iliyomwagika, na upepo haukuwapo kabisa. Jua lilichomoza na doa lake katikati, lile doa la kivuli ambacho mataifa makubwa yalikitundika angani kabla sijazaliwa ili kuipoza dunia. Dunia ilipoa. Sisi wa Makete, tuliokuwa na baridi yetu tangu zamani, tukaongezewa na ya watu wengine.

Niliamka nikasali, kisha nikaingia chumba cha Debora kabla hata sijawasha moto wangu mwenyewe. Debora ni malkia wa sisimizi. Nilimpa jina hilo kwa sababu katika Maandiko Debora alikaa, na watu wakamjia awaamulie. Huyu wangu naye hukaa ndani ya sanduku la kioo lenye ukubwa wa kreti ya soda, katikati ya watoto wake weusi, na kila mwaka kabla hatujafunga milango kwa miezi ya baridi huamua nani katika nyumba zetu kumi atabaki na nani atashuka bondeni kutengwa na wagonjwa.

Nilikuwa nimewaandaa vizuri. Kwa siku nyingi sikuwapa nyama wala yai la kuchemsha, maana chakula cha namna hiyo kikibaki tumboni mwa sisimizi aliyelala humwozea humo humo. Walikunywa asali iliyotiwa maji, basi. Matumbo yao yalijaa yakang'aa kama shanga. Nilibadilisha pamba ya maji, nikafuta ukungu kwenye kioo, nikawa napunguza moto wa jiko lao kila asubuhi, ili baridi iwajie kama usingizi, isiwajie kama mwivi. Wazazi wao waliletwa na wataalamu kutoka nchi ya theluji. Malkia asipolala majira ya baridi, mwaka unaofuata hatagi tena.

Kilichobaki kilikuwa matandiko. Kila mtu mzima wa nyumba kumi huvaa kitambaa shingoni usiku kucha, kikanywa jasho lake. Vitambaa huombewa, kisha huwekwa kwenye uwanja wa sanduku. Sisimizi huvuta nyuzi za kitambaa cha mtu mwenye afya na kuziingiza chumbani kwa malkia, wamtandikie. Kitambaa cha mwenye homa ya milango, ile inayoambukiza watu waliofungiwa pamoja, hukiburuta hadi kwenye jalala lao. Homa hiyo hubadilisha harufu ya jasho muda mrefu kabla haijamlaza mtu, na wao huisikia. Zamani zahanati ilikuwa na mashine ya kazi hiyo. Mashine ilikosa vipuri ikafa. Debora anahitaji asali tu.

Watu wakaja, wakapanga viatu vyao mlangoni. Balozi wetu wa nyumba kumi, Obadia Tweve, alisimama karibu na sanduku akiwa amefumbata mikono. Ni mtu mrefu, mkavu, asiyecheka bure. Mzee Luvanda alipewa kigoda, akakiegemeza ukutani.

"Tazameni cha kwangu kinavyokimbiliwa!" Mzee Luvanda akasema. "Hawa hawajui kwamba nimekula kumbikumbi wa ukoo wao tangu sijaota meno."

"Kumbikumbi si sisimizi, mzee," mtu akamjibu.

"Wote wana miguu sita. Nyamaza, wasije wakasikia."

Tulicheka. Nyuzi ziliendelea kuingia, moja moja, chumbani kwa Debora. Changu kilikwenda. Cha balozi kilikwenda. Kisha nikaona kitambaa chenye pindo la uzi wa kijani kikizungukwa. Sisimizi waliokigusa walirudi nyuma, wakapangusa vipapasio vyao, wengine wakayumba. Baadaye kundi likakishika kwa ncha na kukikokota kuelekea jalalani.

Uzi wa kijani ni wa nyumba ya mdogo wangu, Festo Chaula. Festo yuko Pwani kwenye kazi, hawezi kupanda huku mpaka barabara ifunguke. Nyumbani yumo mke wake, Lusungu, na mtoto wao mchanga, Ahimidiwe.

Lusungu alikuwa amesimama nyuma ya watu, mtoto mgongoni. Watu wakaanza kusogea, taratibu, kama maji yanavyokwepa jiwe, mpaka akawa amesimama peke yake.

"Lori la mwisho ni keshokutwa asubuhi," balozi akasema. "Funguo za banda la joto utaniachia mimi, kama utaratibu ulivyo."

Mwaka uliopita wanawake wawili walishuka bondeni na watoto wachanga. Wao walirudi. Watoto hawakurudi.

*

Mchana ule nililihamishia sanduku ghalani. Kitabu cha walezi wa sisimizi kinasema lisipelekwe shimoni moja kwa moja. Likae kwanza mahali pa baridi ya kati, mpaka sisimizi waache kutembea na wamzunguke malkia kama ngumi. Ndipo lishushwe kwenye shimo tulilolichimba chini ya sakafu ya ghala, ambako barafu haifiki na joto halifiki.

Sikuwa na raha. Mimi na wifi yangu hatukupatana sana. Aliolewa kwetu akiwa na maneno mengi, nami nilizoea nyumba yenye maneno machache. Nilipomwona amesimama peke yake, jambo la kwanza lililonijia moyoni halikuwa huruma. Nilikumbuka kwamba juma lililopita nilimsikia akikohoa.

Nikasema, Bwana, basi ni kweli.

Siku ya pili asubuhi nikaenda kusafisha jalala. Kazi hiyo hufanywa sisimizi wakishazubaa kwa baridi, wasije wakatoroka. Uchafu ukiachwa huota ukungu, na ukungu hutembea polepole hadi chumbani kwa malkia, wote wakiwa wamelala. Nilifungua kidirisha kidogo cha jalala, nikachota takataka kwa kijiko. Kitambaa chenye pindo la kijani kilikuwa juu. Chini yake palikuwa na sisimizi wengi waliokufa, miguu wameikunja kifuani.

Nilikaa chini.

Sisimizi hukataa, lakini hawafi kwa kukataa. Nimewaona wakiburuta vitambaa vya wagonjwa, tena wagonjwa tuliowazika kweli, na waliovikokota walirudi kunywa asali. Homa ile ni yetu sisi watu. Haiwahusu wao. Kilichoua sisimizi hawa kilikuwa sumu, na huku kwetu sumu ya wadudu ni moja tu. Imejaa mashambani, ina maua meupe, na inauzwa kwa gunia. Pareto.

Mtu alikipaka pareto kitambaa cha Lusungu.

Niliwaza nani, na sikuwaza kwa muda mrefu. Nani angekabidhiwa funguo za banda la joto la Festo, lenye mboga za majira yote ya baridi?

Kwanza nilikwenda kwa Lusungu. Aliyekataliwa haingiliwi nyumbani, kwa hiyo nilisimama nje ya dirisha. Alikuwa anakunja nepi na kuzipanga kwenye begi.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene." Hakuinua macho. "Umekuja kunipima tena kwa macho? Au umekuja kuona kama nimeiba shuka za kwenu?"

"Nimekuja kuuliza jambo. Kitambaa chako alikishika nani baada yako?"

"Wewe."

"Kabla yangu."

"Hakuna. Nilikuja nikiwa nimekivaa, nikakivua mbele yako, ukaniambia nikiweke wa kwanza kwa sababu nina mtoto mchanga. Ukasema ni heshima." Akacheka kidogo, bila furaha. "Heshima hiyo ndiyo hii nafungasha."

Kisha akakohoa. Aligeuza uso, akaziba mdomo kwa kanga, lakini nilisikia.

"Kikohozi hicho cha lini?"

"Cha moshi. Kuni za mdogo wako mbichi. Alikata akiwa na haraka ya kwenda Pwani."

"Moshi."

"Wifi, unauliza au unanihukumu? Maana wale wadudu wako wameshahukumu, sihitaji rufaa ya kushindwa mara ya pili." Mtoto akalia ndani, akamwendea. Akiwa amenipa mgongo akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Kama una neno, lisemee kwao. Usinisemee mimi dirishani."

Nilitazama bomba la moshi juu ya paa lake. Moshi ulikuwa mzito kweli, wa kuni mbichi. Lakini mtu mwenye homa naye anaweza kuwasha kuni mbichi.

*

Vitambaa vilikesha kanisani usiku wa kuamkia siku ya kupima. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Nilikwenda kwa Mwinjilisti Ilomo nikamkuta anaziba nyufa za dirisha kwa matambara.

"Asubuhi ile kabla sijaja kuchukua vitambaa, kuna mtu aliingia humu?"

Alifikiri. "Balozi. Aliingia mapema kabla ya kengele. Alitoka na mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Sikumuuliza, dada Enesia. Mtu akiingia kanisani asubuhi na mapema huwa simuulizi. Nashukuru tu."

Nilitoka pale moja kwa moja kwenda kwa balozi. Njiani nilisali, lakini nikiri kwamba sikusali vizuri. Nilimwomba Mungu anipe maneno makali.

Obadia Tweve alikuwa uani kwake, anapasua kuni. Aliponiona alichomeka shoka kwenye gogo.

"Balozi, ulikwenda kanisani siku ya kupima, kabla ya kengele."

"Nilikwenda."

"Ukatoka na mfuko."

"Nilitoka nao."

"Ulikuwa na nini ndani?"

"Pareto," akasema.

Alilitamka bila hata kupepesa. Nikamtazama, nikadhani shetani mwenyewe amevaa koti la sufi.

"Huoni hata haya! Umeweka pareto kwenye kitambaa cha mama anayenyonyesha! Kwa sababu ya banda! Kwa sababu ya mchicha, balozi!"

Hakukasirika mara moja. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo ambazo Lusungu alikuwa ameshampelekea, akazining'iniza mbele yangu.

"Chukua. Lima mchicha wewe. Nyumbani kwangu niko peke yangu, nitakula mchicha wa banda zima?" Nilipokataa kuzishika, aliziweka juu ya gogo. "Sasa sikiliza, mlezi. Jumapili, baada ya ibada ya mavuno, kulikuwa na mnada wa sadaka. Ulikuwepo. Nani alinunua pareto?"

Nilikumbuka. Watu walikuwa wakimshangilia. Alikuwa ameshindana na Mzee Luvanda kwa ajili ya utani tu, mpaka Mzee Luvanda akasema anamwachia kwa sababu balozi hana mke wa kumgombeza.

"Wewe."

"Mimi. Mke wa mwinjilisti aliimimina kwenye mfuko, akaniwekea nyuma ya mlango. Nilikwenda kuuchukua mfuko wangu. Vitambaa niliviona vimefunikwa pale mbele, nikainamisha kichwa, nikatoka." Akaokota kipande cha kuni, akakitupa kwenye rundo. "Lakini kabla haijamiminwa kwenye mfuko, pareto ile ilikuwa kwenye nini?"

Nikatazama upande wa kanisa.

"Ilikuwa kwenye ungo wa sadaka, mlezi. Maua makavu, yaliyosagika, siku nzima. Na wewe vitambaa ulivipanga kwenye nini?"

Nilivipanga kwenye ungo wa sadaka. Nilikwenda kuuazima mwenyewe, siku moja kabla ya kupima. Nina nyungo mbili nyumbani, lakini niliona vitambaa vya watu vikae kwenye chombo kilichokwisha kuombewa. Sikutandika kitu chini, kwa sababu niliona ungo wenyewe ni safi na mtakatifu. Nikasema mwenye mtoto mchanga atangulie, kama tunavyofanya kwenye sadaka, na juu ya kitambaa chake nikapanga vingine vyote kimoja juu ya kingine kama chapati. Na harufu sikuisikia. Sisi tuliozaliwa kwenye pareto tumeizoea, imo nyweleni mwetu na imo kwenye mablanketi yetu.

"Twende," nikasema.

Niliuchukua ule ungo kanisani, nikaurudisha uani kwa balozi. Nilikata kipande cha kitambaa kipya, nikakisugua kwenye ungo, nikakiweka mlangoni pa jiko lake, mahali sisimizi wa kawaida walipokuwa wakipita na chembe za ugali. Hao hawajui kunusa homa. Wanajua kufa tu. Tuliinama wote wawili, mimi na mtu niliyekuwa nimemwita mwizi wa mchicha. Wa kwanza akapanda kitambaa, akateremka, akapangusa vipapasio. Akayumba. Akalala ubavu, miguu ikacheza, kisha akaikunja kifuani.

"Basi Lusungu ni mzima!" nikasema.

"Hapana," balozi akasema. "Basi hatujui."

Akakaa juu ya gogo.

"Kitambaa chake kilikataliwa kwa pareto. Sawa. Je, bila pareto kingekubaliwa? Hujui, na mimi sijui. Nimesikia anakohoa. Na wewe umesikia, usinidanganye."

"Nimesikia."

"Mke wangu hakufa kwa sababu ya pareto, mlezi. Alikufa kwa sababu mtu mmoja alimhurumia mgonjwa akamficha, tukafunga milango naye ndani. Huruma yake ilinifikia mimi. Mimi ndiye niliyechimba." Akatazama mikono yake. "Waamshe wadudu wako. Wampime tena."

Hapo ndipo moyo wangu ulipogawanyika. Nilimweleza kama kitabu kinavyosema, nami kitabu hicho nakisoma polepole kwa kufuata kwa kidole, kwa hiyo sikukosea neno. Debora alikuwa ameshapoa. Kumrudishia joto huchukua zaidi ya siku nzima, maana akipashwa haraka hufa. Asali yao ya mwisho walishaipanga tumboni kwa ajili ya miezi ya usingizi, na wakiamshwa huila kwa kutembeatembea. Malkia akilazwa mara ya pili akiwa dhaifu, mara nyingi haamki. Na koloni ya nyumba kumi nyingine haitufai, kwa sababu sisimizi hulelewa na harufu za nyumba zao. Mgeni yeyote kwao ni wa kukataliwa.

"Na wakimaliza kuamka," nikasema, "lori limeshaondoka. Wakimkataa kweli, hatuna pa kumpeleka. Na Debora akifa, mwakani hakuna wa kutupima hata mmoja, na kituo cha wale wataalamu hakitoi malkia siku hizi."

"Kwa hiyo unataka ashuke."

"Kuna mtoto mchanga, balozi."

"Kwa hiyo unataka abaki."

"Kuna nyumba tisa."

Balozi alisimama, akachomoa shoka lake. "Ulinijia hapa ukijua kila kitu," akasema. "Wewe uliyejua kusoma juzi, ulikuwa umeshanisoma mimi mpaka jalada la nyuma. Sasa nenda ukasali tena. Safari hii usiombe maneno makali."

Sijui alijuaje.

*

Asubuhi ya lori ukungu ulikuwa mzito, na dereva hakuzima injini kwa kuogopa baridi isije ikaigandisha. Watu wa nyumba kumi walisimama barabarani, wamejifunga mablanketi. Lusungu alikuja na begi lake kichwani na Ahimidiwe kifuani, amemfunika mpaka pua. Watu wakampisha, wakampisha mno.

Nilisimama mbele ya ngazi ya lori.

"Wifi, nipishe," akasema. "Tusichezeane mbele za watu."

"Weka begi chini kwanza."

Nikawaambia wote. Niliwaambia habari za ungo, za heshima niliyomfanyia, za sisimizi waliokufa. Balozi alisema kwamba ameona kwa macho yake, na kwamba kipimo cha Lusungu si kipimo. Maneno yakaanza kutoka kila upande.

"Kwa hiyo na vyetu havikuwa vipimo?"

"Vyenu viliingia kwa malkia, na waliovivuta walirudi wazima. Niliangalia," nikasema. "Cha chini peke yake ndicho kilichogusa ungo."

"Huyo ni wifi yako! Angekuwa mke wa kaka yangu mimi ungekwenda kuchokonoa jalala?"

Swali hilo lilikuwa la haki. "Jalala ningesafisha," nikasema. "Nisingelala na hasira kiasi kile, labda. Lakini ningesafisha."

"Waamke basi, wapime!"

"Wakiamka, malkia anaweza kufa, na nyote mtaingia mwakani bila kipimo. Sina haki ya kuzichezea nyumba tisa kwa ajili ya kosa langu."

"Basi apande lori," mwanamke mmoja akasema, na hakusema kwa ukatili. Alikuwa analia. "Dada Enesia, mimi nina watoto wanne ndani."

"Najua. Wala sina haki ya kumtuma mtoto huyu bondeni kwa sababu ya ungo wangu."

Dereva akapiga honi. Lusungu alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama daraja bovu, anapima kama litambeba. Nilipata hofu. Moshi wa lori ulinipitia usoni na nikatamani akohoe, ili nisilazimike. Namshukuru Mungu kwamba hakukohoa, na namwomba anisamehe kwa kutamani.

"Nyumba yangu iko mwisho wa njia," nikasema. "Haina ukuta wa kushirikiana na mtu. Lusungu na mtoto wataingia kwangu leo, na mimi nitaingia nao. Mlango utafungwa kwa nje, funguo atakaa nazo balozi. Chakula kitawekwa kizingitini, na aliyekileta aondoke kabla hatujafungua kidirisha. Kama ana homa, itanipata mimi, na itaishia kwangu."

"Na wadudu?" Mzee Luvanda akauliza. "Binti Chaula, nani atawalaza?"

Hilo ndilo nililokuwa nimeliogopa usiku kucha kuliko homa. Tangu nilipokabidhiwa Debora, hakuna mkono mwingine uliofungua sanduku lake. Nilivua kamba shingoni, yenye ufunguo wa ghala, nikamwendea Obadia Tweve.

"Leo jioni ulishushe shimoni, usilitikise," nikamwambia. "Pamba iwe na unyevu, isilowe. Ukisikia harufu ya ukungu, fungua kidirisha cha jalala peke yake. Usiwatazame kwa taa. Na unawe mikono, balozi. Unawe kwa majivu, na unawe tena."

Aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. "Jana nilikuwa mwizi wa mchicha," akasema.

"Sina uhakika kama umeacha," nikasema, na mara ya kwanza tangu mke wake afe nikaona pembe ya mdomo wake ikisogea.

Mzee Luvanda akatikisa kichwa. "Wewe na wifi yako mwingie ndani ya nyumba moja miezi yote hiyo! Homa itawakuta mmeshamalizana kwa maneno."

"Mimi sijasema nakubali," Lusungu akasema. Wote tukageuka. Alimpandisha mtoto begani. "Wifi, kama mimi ni mgonjwa, utakufa. Unajua?"

"Najua."

"Na kama si mgonjwa, utanivumilia? Maana mimi sinyamazi."

"Hilo ndilo gumu zaidi."

Kisha akaliokota begi, akalipitisha mbele ya lori, akalisimamisha upande wangu wa barabara. Dereva akatikisa mabega, akaondoa breki.

"Haitoshi," mama wa watoto wanne akasema, huku lori likianza kusogea. "Sasa hivi una moyo. Ukiwa ndani, ukiona mtoto anaumwa, utapiga mlango utuombe tufungue. Na sisi tutafungua, kwa sababu tutakusikia. Apa, dada. Apa mbele yetu sote."

Mwinjilisti Ilomo alianza kusema kwamba tumefundishwa ndiyo yetu iwe ndiyo. Balozi akamgusa mkono, akanyamaza. Watu walivua kofia. Nilimpokea Ahimidiwe kutoka kwa mama yake, wa kwanza kumgusa tangu vitambaa vile, nikamshika ili wote waone kwamba nimeshamgusa na siwezi tena kurudi upande wao. Kisha nikasema kwa sauti, ili hata aliye nyuma asikie:

"Mbele za Mungu, na mbele ya nyumba hizi kumi, mimi Enesia Chaula naahidi: mlango ule ukishafungwa sitauomba ufunguliwe mpaka sakitu iondoke, si kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mama huyu, wala kwa ajili ya mtoto huyu niliyemshika. Mkinisikia napiga kelele, msije. Na siku mtakayofungua, mtakayemkuta hai, awe mmoja au wote watatu, mtamkuta amelindwa na wenzake mpaka mwisho."